Shamba Moja, Mavuno Mbalimbali

Yako masuali ambayo watu huyaona madogo kwa kuwa huulizwa shambani, wala hayafikishwi barazani kwa wanazuoni. Hali ndani yake mna haki za watu, na pengine damu zao. Mojawapo ni hili. Mtu amelima shamba moja, amepanda mbegu ya namna moja kwa siku moja, na mvua ya mwaka iliyonyesha ni moja. Kisha mahindi ya upande huu yakawa marefu kumpita mtu, na ya upande ule yakasimama magotini, majani yamegeuka manjano, hayana hata hindi moja la kuchoma. Kwa nini?

Jawabu ijayo upesi ulimini mwa watu wengi ni kwamba hapa pana mkono wa mtu. Fulani alipita njiani akalisifu shamba bila ya kumtaja Mungu. Fulani ana husuda tangu zamani. Bibi kizee wa upande wa pili wa ua alionekana alfajiri akiinama kwenye mpaka, na aliyemwona hakungoja kujua kwamba alikuwa akichuma mchicha. Na kwa wenye mashamba wakaao mjini, ambao mashamba yao hulimwa na vibarua, jawabu ni nyingine, lakini ni ndugu ya ile ya kwanza: kibarua ni mvivu, au mbolea ameiuza, au mbegu amepeleka kwake. Jawabu zote hizi zamtafuta mtu. Hakuna hata moja iliyouinamia udongo na kuutazama.

Basi suali tulitakalo kulichungua ni hili: je, yafaa kuyafanya mavuno yasiyolingana kuwa ushahidi juu ya mwanadamu? Sisi twasema kwamba hayafai peke yake kuwa ushahidi, si juu ya jirani wala juu ya kibarua. Twamuomba msomaji atufuate katika hoja zetu moja baada ya moja, kisha apime mwenyewe.

Kwanza yapasa ijulikane kwamba jambo hili si geni, wala si la watu wa Afrika peke yao kama wanavyodhani baadhi ya wasomi wetu. Warumi wa kale, katika sheria zao zilizoandikwa juu ya mbao kumi na mbili karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, walikataza mtu kuyaroga mazao ya mwenziwe. Na Pliny, mwandishi wao aliyekufa mwaka 79, ametuhadithia kisa cha mtu aitwaye Gaius Furius Cresimus. Mtu huyu alikuwa mtumwa akaachwa huru, akapata kishamba kidogo. Katika kishamba hicho akavuna zaidi kuliko majirani zake waliokuwa na mashamba makubwa. Majirani wakamchukia, wakasema kwamba huyavuta mazao yao kwa uchawi, na wakamshitaki mbele ya umma.

Siku ya hukumu Cresimus alikuja na vyombo vyake vyote vya kulimia: majembe mazito, plau zilizotengenezwa vyema, ng'ombe walionona, na watu wake wenye afya na nguo nzuri. Akawaambia wenye kuhukumu kwamba huo ndio uchawi wake wote, na kwamba yaliyobaki hawezi kuyaleta uwanjani, nayo ni usiku aliokesha na jasho lililomtoka. Wote wakampigia kura ya kumwachia.

Tukizingatie kisa hiki. Majirani wale hawakuwa wajinga wa kilimo. Walikuwa wakulima na wana wa wakulima. Kosa lao lilikuwa katika msingi wa hoja. Walichukulia kwamba ardhi yote ni sawa, na kwamba mahali palipo na usawa, tofauti yo yote ni lazima itoke nje, itiwe na mtu. Ukikubali msingi huo, huna budi kumtafuta mchawi. Lakini je, msingi wenyewe ni wa kweli? Je, ardhi ya shamba moja ni sawa?

Jawabu ya suali hili imepatikana kwa kupima, si kwa kukisia. Huko Rothamsted, Uingereza, pana mashamba ya majaribio yaliyoanzishwa mwaka 1843. Mwaka 1910 wataalamu wawili, W. B. Mercer na A. D. Hall, walichagua eka moja ya ngano ambayo machoni ilionekana imelingana. Mbegu ilikuwa ya namna moja na ulimaji ulikuwa mmoja. Wakati wa kuvuna wakaigawanya eka ile vipande 500 vilivyo sawa kwa ukubwa, wakavuna kila kipande mbali na kupima ngano yake. Yakapatikana nini? Kipande kilichotoa kidogo kabisa kilitoa ratili 2.73 za ngano, na kilichotoa nyingi kabisa kilitoa ratili 5.16. Ni karibu ya mara mbili, katika eka moja, na hakuna aliyependelewa wala aliyedhulumiwa.

Basi na tusimame hapa kidogo. Ikiwa shamba lililochaguliwa kwa kulingana kwake, likalimwa chini ya macho ya wataalamu, lilitoa mavuno ambayo kipande kimoja kilikuwa karibu mara mbili ya chenziwe, ni ajabu gani shamba letu la Kikambala au la Msambweni likitoa tofauti kubwa zaidi? Tofauti ndiyo ada ya ardhi. Mtu akituambia kwamba upande mmoja wa shamba lake umezidi upande mwingine, ametupa khabari ya ardhi. Bado hajatupa khabari ya mtu ye yote.

Wala jambo hili halikufichikana kwa wataalamu wa Kiislamu wa zamani. Ibn Bassal wa Toledo, katika karne ya 11, aliugawa udongo mafungu kumi, akaeleza kila fungu na tabia yake. Na Ibn al-Awwam wa Seville, katika karne ya 12, alipoandika kitabu chake kikubwa cha kilimo alianza na mlango wa kuujua udongo, kabla ya kuzungumza juu ya mbegu na miti. Wazee hao walifahamu kwamba asiyeijua ardhi yake hana haki ya kushangazwa na mavuno yake.

Sasa tuje kwetu pwani, tuzitaje baadhi ya sababu zinazoonekana na mtu mwenye kutazama.

Ya kwanza ni udongo wenyewe. Atokaye baharini kwenda bara hukanyaga kwanza ardhi ya matumbawe, ambayo mahali pengine udongo wake hauzidi shubiri moja juu ya jiwe. Kisha huingia katika mchanga, na mbele zaidi katika udongo mwekundu. Mipaka ya udongo haikufuata mipaka iliyoandikwa katika hati za mashamba. Yawezekana nusu ya shamba ikawa juu ya mchanga upitishao maji kama kichujio, na nusu ya pili juu ya udongo ulioshika unyevu. Juu ya ardhi huoni kitu. Jua likikaza siku kumi baada ya mvua, ndipo mahindi yakwambiapo yalikosimama.

Ya pili ni kichuguu. Mchwa hupandisha udongo wa chini kuuleta juu, na huchanganya humo mabaki ya majani na miti. Kichuguu kikisawazishwa, mahali pale hubaki na rutuba kuliko kandokando yake, hasa katika ardhi ya mchanga. Mtu aliyerithi shamba huenda asijue kwamba palikuwa na kichuguu siku za babu yake. Aonacho ni duara la mahindi meusi yaliyostawi katikati ya mahindi yaliyokonda.

Ya tatu ni zizi. Mahali walipolala mbuzi na ng'ombe pana samadi na mkojo wao, na athari yake hukaa muda ambao akili haiwezi kuudhania. Mwaka 2018 ulitangazwa utafiti uliofanywa Narok, katika nchi yetu hii ya Kenya, juu ya mazizi ya wafugaji wa kale. Mazizi hayo yana umri baina ya miaka 1,550 na 3,700, wenyewe wamekwisha kusahauliwa, na hata hivyo udongo wa pale ungali na rutuba kuzidi wa pembeni yake, na nyasi zake zajulikana kwa kustawi. Ikiwa zizi la miaka elfu mbili bado lanena, je, zizi la miaka thelathini litanyamaza?

Ya nne ni kivuli na mizizi ya miti. Mwembe au mkorosho hula na kunywa mbali na shina lake. Mahindi yaliyo karibu nao hunyimwa jua juu na maji chini. Kadhalika bonde dogo, ambalo mguu hauhisi kushuka kwake, hukusanya maji. Mwaka wa ukame likaokoa mimea, na mwaka wa mvua nyingi likaiozesha. Ndiyo maana upande uliosifiwa mwaka jana huenda ukalaumiwa mwaka huu.

Ya tano twataka kuieleza kwa urefu, kwa kuwa ndiyo ifananayo zaidi na uchawi. Liko gugu ambalo wengine huliita kiduha, nalo hupatikana katika ardhi za mchanga za pwani yetu. Ni gugu dogo lenye maua mekundu mazuri. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na mche mmoja waweza kutoa mbegu makumi ya maelfu. Mbegu hizo hulala ardhini hata zaidi ya miaka kumi pasipo kuota, zikingoja. Mzizi wa hindi au wa mtama ukipita karibu, hutoa utomvu ambao mbegu ile huutambua. Hapo huota, ikajibandika juu ya mzizi, ikawa yafyonza maji na chakula cha mwenyeji wake. Yote hayo hutendeka chini ya ardhi. Hindi huanza kudumaa na kugeuka manjano kabla gugu lenyewe halijachomoza, na mwenye shamba hutazama juu na chini asione adui. Kisha haliwi shamba zima. Huwa kiraka hapa na kiraka kule, pale mbegu zilipodondoka au zilipochukuliwa na maji na majembe. Waingereza wamelipa gugu hili jina lenye maana ya gugu la wachawi. Jina limesibu kwa namna moja: hapa kweli pana kitu kilichofichika kinachonyonya mazao usiku na mchana. Lakini kitu hicho ni mmea, na dawa yake ni kung'olewa kabla halijatoa mbegu, kutia samadi, na kubadilisha mazao kwa kupanda kunde na mfano wake. Mwenye kwenda kwa mganga kwa ajili yake hurudi na hirizi, na gugu hubaki na shamba.

Huenda mtu akasema: je, ninyi mwakanusha husuda, hali Kurani imetufundisha kuikimbia shari ya hasidi? Jawabu yetu ni kwamba hatukanushi. Twasema tu kwamba mafundisho hayo ni ya kujikinga kwa Mwenyezi Mungu, na hayakumpa mtu ruhusa ya kumnyoshea kidole jirani yake kwa jina. Kuamini kwamba husuda iko duniani ni jambo moja. Kudai kwamba bibi fulani ndiye aliyeyakausha mahindi ya fulani ni jambo jingine, nalo lahitaji ushahidi. Katika Surat al-Hujurat tumekatazwa dhana mbaya juu ya watu na kupeleleza aibu zao. Iweje dhana iliyokatazwa katika maneno ya kawaida ihalalike katika shutuma iwezayo kumuua mtu?

Na mwingine atasema: haya yote ni kudura, na sababu zenu hizi ni za nini? Huyu twamkumbusha aya ya nne ya Surat ar-Raad, ambayo ndani yake tofauti ya mashamba yaliyopakana, yenye kunywa maji mamoja, imefanywa kuwa jambo la kuzingatiwa na wenye akili. Tofauti ile haikuletwa tushangae kisha tulale. Mwenye kuzingatia ni yule aulizaye imekuwaje. Anayesema kudura kisha akaacha kuchimba ameipumzisha mikono yake, na anayesema mchawi ameipumzisha akili yake. Na shamba la wote wawili hubaki vile vile.

Yako madhara gani mtu akikosea katika suali hili? Yako makubwa. Mwaka 1562 mvua ya mawe iliharibu mazao ya nchi za kusini ya Ujerumani. Watu wakatafuta aliyeileta, na katika mji mdogo wa Wiesensteig wakauawa wanawake 63 kwa tuhuma za uchawi. Hayo ya wengine. Ama ya kwetu, katika Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, watu wenye mvi waliotakiwa kuheshimiwa na wajukuu zao. Hata ikabidi huko Kaya Godoma, Ganze, pafanywe mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao kwa kuhofia roho zao. Hatusemi kwamba kila aliyeuawa aliuawa kwa ajili ya mahindi. Mara nyingi nyuma ya shutuma hupatikana ugomvi wa ardhi ya urithi, na uchawi huwa ni kisingizio. Lakini kisingizio hakifai kitu pasipo watu walio tayari kukisadiki. Kila asemaye barazani, hata kwa mzaha, kwamba shamba lile limekauka kwa jicho la fulani, huongeza kuni katika moto ambao hatauona ukiwaka.

Imebaki sehemu ya hoja yetu ambayo sisi watu wa mjini hatupendi kuisikia. Wengi wetu tuliosoma twacheka tukisikia habari za uchawi shambani, twasema hayo ni mambo ya watu wa mashamba. Kisha siku ya mapumziko twapanda gari kwenda kulitazama shamba, tukaona upande mmoja umestawi na mwingine umedhoofu, na papo hapo tukamwita kibarua na kumkata ujira. Tumefanya nini tofauti na majirani wa Cresimus? Nasi tumechukulia kwamba ardhi ni sawa, na kwamba tofauti imetiwa na mtu. Wao walimwita mtu huyo mchawi na sisi twamwita mvivu. Jina limebadilika na dhuluma ni ile ile.

Hata kisa cha Cresimus chaweza kutumiwa vibaya. Ni kweli kwamba jasho lake lilikuwa sababu ya mavuno yake. Lakini haifuatii kwamba kila aliyevuna kidogo hakutoka jasho. Aliyepewa upande wa jiwe la matumbawe huenda alitoka jasho maradufu ya aliyepewa mahali pa zizi la zamani, na bado akavuna nusu yake. Mwenye kupima watu kwa magunia peke yake hupima udongo na kumlipa au kumwadhibu mtu.

Wataalamu wa Rothamsted waliona taabu hii hii katika kulinganisha mbolea. Ukitia mbolea moja upande huu na nyingine upande ule, utajuaje kwamba iliyoshinda ni mbolea na siyo ardhi? R. A. Fisher, aliyeingia kazini pale mwaka 1919, alifundisha njia ambayo leo hufuatwa duniani kote: shamba ligawanywe vipande vingi, na kila mbolea ipewe vipande vyake kwa kura, ili wema na ubaya wa ardhi usiwe wa upande mmoja. Angalia insafu iliyomo katika njia hii. Ikiwa mbolea, kitu kisicho na roho wala watoto wa kulisha, haihukumiwi mpaka iondolewe udhalimu wa mahali ilipotiwa, je, mwanadamu hastahili zaidi? Mwenye vibarua wawili atakaye kujua nani afanya kazi vizuri, asimpe mmoja upande wa juu na mwingine upande wa chini. Awagawie matuta kwa kura, mbali mbali shambani kote, kisha angoje misimu miwili au mitatu kabla ya kusema neno.

Twawasihi ndugu zetu, basi, washike utaratibu huu. Ukiona kiraka kibaya shambani, chukua jembe kabla ya kuchukua jina la mtu. Chimba pale palipostawi na pale palipodhoofu, uulinganishe udongo kwa macho na kwa mkono. Ng'oa mashina mawili matatu uitazame mizizi. Waulize wazee palikuwa na nini hapo zamani, zizi au njia au msingi wa nyumba. Ikiwa bado hujafahamu, wako wataalamu wa kilimo, na kituo cha utafiti kiko Mtwapa, si mbali na wengi wetu. Na baada ya yote hayo, ikiwa umebaki na shaka juu ya mtu, iache moyoni mwako mpaka ipatikane hoja ambayo ungeikubali wewe mwenyewe lau wewe ndiwe mshitakiwa.

Na kama kuna msomaji ambaye msimu uliopita alimkata kibarua ujira kwa sababu ya upande mmoja wa shamba, msimu mpya wa mvua haujaanza, na jembe liko. Na aende akachimbe pale. Akikuta jiwe au mizizi iliyonyonywa, anajua nani anamdai, na kiasi gani. Mwenyezi Mungu atupe macho ya kutazama kabla ya kunena, na atulinde na haki za watu, amin.